Talato Alikuwa na Sufuria za Kutosha

Talato Nikiema wa Koudougou aliomba kushindana na wanaume kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa tena na mahali pa kuweka sufuria.

Kila mwaka Mbio za Nafaka zilipita Koudougou, na kila mwaka kamati iliandaa mbio za wanawake ili wananchi wasichoke kusubiri. Wanawake walizunguka soko mara tatu kwa baiskeli wakati wanaume bado wako njiani kutoka Dédougou, na vumbi la wanaume likionekana tu, wanawake walifukuzwa barabarani kwa filimbi. Mshindi alipewa sufuria kubwa ya alumini yenye mfuniko. Mwaka wa kwanza Talato alishinda, akashangilia. Wa pili akashinda, akashukuru. Wa tatu akashinda, sufuria akampa wifi yake. Mwaka wa nne, mwenyekiti wa kamati alipomkabidhi nyingine mbele ya umati, Talato aliipokea kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka, akachungulia ndani, akasema:

"Mzee, mwakani niwekeni na wanaume."

Mwenyekiti alicheka. Jukwaa zima likacheka. Talato alisubiri wamalize, kisha akarudia vilevile, neno kwa neno. Safari hii mwenyekiti alianza kumtafuta mpiga picha kwa macho.

Talato hakuwa mtu wa makeke. Alikuwa mke wa Yamba mshona nguo, mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kuku. Alfajiri alitoka na baiskeli kwenda vijiji vya upande wa Ténado, akanunua kuku na kanga, akawafunga miguu, akawaning'iniza vichwa chini kwenye usukani na kwenye keria mpaka baiskeli yenyewe haionekani, akageuza kurudi sokoni. Biashara hiyo haitaki mzaha na jua. Likishapanda, kuku wa kuning'inizwa huanza kufa mmoja mmoja, na mteja wa Koudougou humshika kuku kifuani kabla hajasalimia. Kwa hiyo Talato alikuwa na mwendo mmoja tu, ambao haukupungua kwenye mchanga wala kwenye upepo, na kuku wake walifika wazima na wenye hasira.

Barabara hiyohiyo ya Ténado ndiyo iliyotumiwa na kilabu cha baiskeli cha Koudougou kwa mazoezi. Hawa walikuwa vijana wa kulipwa. Tajiri mmoja wa mafuta ya pamba aliwapa mshahara, jezi za manjano na maziwa ya kopo, nao hawakufanya kazi nyingine yoyote. Kocha wao, Drissa Toé, mwanajeshi mstaafu na mwenyeji wa Tougan, aliwafuata kwa pikipiki. Asubuhi moja aliona kundi lake limeongezeka. Mkiani kabisa, karibu kugusa gurudumu la kijana wa mwisho, alikuwepo mwanamke mwenye kitenge kiunoni na shehena ya kuku, anafaidi upepo uliokwisha kukatwa na wengine.

Toé alisogea akapiga honi.

"Wewe mama, unafanya nini hapo?"

"Naenda sokoni."

"Haya ni mazoezi ya kilabu."

"Na hii ni barabara ya serikali."

Toé aliwapigia vijana filimbi waongeze mwendo. Wakaongeza. Kuku walilalamika kidogo, lakini hawakubaki nyuma. Akapiga tena, wakaongeza tena, na ni kwenye mwinuko wa kuingilia mjini tu ndipo Talato alipoachwa, maana mzigo ni mzigo. Toé alimfuata mpaka sokoni kumuuliza jina. Aliposikia Nikiema, uso ukamfunguka.

"Mmosi! Kumbe ni mtumwa wangu! Nami najiuliza nani amewafunza kuku hawa utii wa jeshi."

"Msamo," alisema Talato bila kuinua macho, maana alikuwa anafungua kamba, "kuku ninao. Vichwa vya mbwa utajitafutia mwenyewe."

Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu: kila upande huwaita wenzao watumwa, na Wasamo huchekwa kwamba wanakula vichwa vya mbwa. Katika utani huo hakuna anayeruhusiwa kukasirika, hata msibani. Tangu siku hiyo Toé hakumfukuza tena. Aliyechukia ni Raogo Zongo, nyota wa kilabu. Kwa Kimoore, lugha ya Wamosi, Raogo maana yake ni mwanamume, na mwenyewe alilitunza jina lake kama watu wanavyotunza suti.

"Kocha, yule Mama Kuku anatuchafulia mazoezi," alisema.

"Mwache nyuma, basi."

Raogo alijaribu kwa wiki kadhaa, kisha akaacha kulizungumza.

Baada ya sufuria ya nne, Toé alimpa Talato baiskeli ya mbio ya zamani ya kilabu, iliyokwaruzwa lakini nyepesi, akamwambia siku za mazoezi aje bila kuku. Alimpima msimu mzima wa mvua. Mwishoni alimketisha kwenye benchi la mama mmoja muuza dolo, akaagiza vibuyu viwili vya pombe hiyo ya mtama, akanywa vyote viwili.

"Nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Zile mbio fupi za mwishoni, pale penye utepe, huna. Hata ukila ng'ombe mzima peke yako, Raogo atakuacha kama umesimama unakojoza mtoto. Mlimani nako, unapanda kama mtu anayeomba radhi. Lakini una kitu kimoja, mtumwa wangu. Hufi."

"Hilo ni zuri au baya?"

"Kwa mbio za siku tatu, ni zuri."

Talato aliwaza. "Nani amesema nataka kumpita Raogo? Mimi nataka kwenda safari yote. Kuzunguka soko mara tatu, hata jasho halitoki."

Toé akamwandikisha kwa jina la kilabu, akampa na jezi ya manjano. Kamati ilikutana kulijadili jambo hilo, na ikagundua kwamba kanuni zilidai mshindani awe na leseni na baiskeli nzima, basi. Hakuna aliyetaja mwanamume kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaza vinginevyo. Walibishana mchana kutwa. Mmoja alizungumzia mifupa. Mwingine alizungumzia kaptura. Daktari wa kamati alieleza kwa utulivu kwamba mwanamume ana moyo mkubwa zaidi, na damu yake hubeba nguvu zaidi, na misuli yake ni mingi zaidi, na aliyoyasema yalikuwa kweli.

"Basi kama hawezi ataachwa," alisema Toé. "Kuacha watu si ndiyo kazi ya mbio?"

Mwenyekiti, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumuuma, alikata shauri. Kila siku mbio zilikuwa na muda wa mwisho wa kufika, na nyuma ya wote lilitembea gari la ufagio, lililowazoa walioshindwa pamoja na baiskeli zao. Talato aingie. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, gari la ufagio litampokea, na mambo yataisha kwa heshima. Na ili heshima hiyo ikamilike, kamati iliagiza gari hilo liwekewe kiti chenye mto, na muuguzi wa kike, Félicité Bado, aketi humo, ili mke wa mtu asisafiri peke yake na dereva.

Habari zilipofika mtaani, watu walikuja nyumbani kwa Yamba kama wanaokuja kutoa pole. Walikaa, wakakohoa, wakamtazama akishona.

"Yamba, na wewe umekubali hili?" aliuliza jirani mmoja.

"Kaptura yake nimeshona mimi," alijibu Yamba. "Inafika magotini. Nimeipiga mshono mara mbili."

Jirani aliona hapo hapapenyeki, akamgeukia mama yake Yamba, aliyekuwa anachambua bamia. "Mama, mkweo anakwenda njiani na wanaume sabini!"

"Sabini wote wana haraka," alisema bibi. "Atakayesimama kufanya upuuzi ni nani?"

Mbio zilianzia Bobo. Siku ya kwanza ilikuwa kutoka Bobo hadi Dédougou, na upepo wa jangwani ulikuwa unakuja usoni, mkavu, umebeba vumbi jekundu. Talato alikaa mkiani mwa kundi kama alivyozoea. Wenzake walipochomoka alichelewa, walipotulia alirudi. Mwendo wake ulikuwa uleule wa kuku, ila sasa hapakuwa na kuku, na aliona ajabu jinsi dunia ilivyo nyepesi.

Nyuma yake, katika gari la ufagio, Félicité alikuwa ameweka tayari mto, chupa ya maji ya baridi na taulo. Kabla ya adhuhuri gari lilisimama, akaingia kijana wa Fada aliyeumwa goti. Félicité alimtazama, akautazama mto, akampa. Baadaye aliingia mmoja wa Ouagadougou aliyesema tumbo limemgeuka, wakapokezana mto na wa Fada. Kisha wakaingia wawili kwa pamoja. Walipofika Dédougou gari lilikuwa limejaa, wanaume wamebanana kimya wakitazama madirisha, na Félicité amekaa mbele na dereva kwa kukosa nafasi.

Talato alikuwa amefika na mkia wa kundi, si wa mbele wala si wa nyuma kabisa. Hapo ndipo lilipoanza tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Waliokuja kumwona akishinda walisema: aa, hakushinda. Waliokuja kumwona akiachwa walisema: aa, hakuachwa. Umati ulikaa kidogo haujui ufanye nini, kisha ukatawanyika kwenda kula. Mtangazaji wa redio alimwekea kinasa sauti mdomoni.

"Bibi Talato, wanawake wa nchi nzima wanakusikiliza. Unajisikiaje?"

"Nina kiu," alisema Talato.

Siku ya pili ilikuwa Dédougou hadi Koudougou, yaani kurudi nyumbani, na ndiyo siku ambayo Raogo aliisubiri mwaka mzima. Nia yake ilikuwa aingie mjini kwake peke yake, mikono hewani, mama yake akipiga vigelegele. Kwa hiyo hakungoja. Walipopita tu nyumba za mwisho za Dédougou alichomoka mbele, akayoyoma, jezi ya manjano ikawa nukta, nukta ikaingia vumbini. Toé, aliyekuwa akifuata kwa gari la timu, alipiga kelele dirishani mpaka sauti ikamkauka. Upepo ulikuwa usoni na njia ilikuwa ndefu. Mtu mmoja peke yake katika upepo ule anafanya kazi ya watu kumi na analipwa kwa miguu yake mwenyewe.

Walipovuka daraja la Mouhoun wakamwona. Alikuwa anaendesha kwa kuyumba, kichwa kimelala, chumvi imechora ramani mgongoni. Kundi lilimpita kama linavyopita mti. Vijana wenzake wa kilabu walimtazama, wakatazamana, wakaendelea, maana mmoja wao sasa alikuwa na nafasi ya kushinda na alihitaji kusindikizwa. Gari la timu lilisogea kando ya Talato.

"Mtumwa wangu!" alisema Toé, au pumzi yake ndiyo iliyosema. "Mngoje yule nyota. Akiingia gari la ufagio leo, mwenye mafuta ya pamba atatufuta kilabu kizima."

Talato alikuwa katikati ya kundi, mahali pazuri kuliko alipopata jana. Alilitazama kundi likienda. Akashika breki.

Raogo alipomfikia, Talato alikuwa anaendesha polepole upande wa kulia wa barabara.

"Kaa nyuma yangu," alimwambia.

"Nani?"

"Wewe. Kuna mwingine hapa?"

Raogo alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Mimi, nikae nyuma ya mwanamke?"

Talato aligeuza shingo. Gari la ufagio lilikuwa linawafuata kwa mwendo wa mguu, mlango wa pembeni umeshafunguliwa, na Félicité amesimama ngazini ameukumbatia mto.

"Hata mle ndani yumo mwanamke," alisema Talato. "Chagua."

Raogo alikaa nyuma yake.

Talato alikunja mgongo akashika mwendo wake. Hakumwonea huruma wala hakumkomoa. Aliifahamu barabara hiyo kila shimo, alijua ni wapi miti inakinga upepo na ni wapi mashamba yaliyovunwa yanauachia, akawa anahama upande bila kusema, na Raogo anahama naye. Wakaenda hivyo kitambo kirefu, hakuna sauti ila cheni.

"Punguza," alisema Raogo, mara moja tu.

"Kuku hawaniambii punguza," alisema Talato.

Walipofika Ténado, wanawake waliokuwa wanauza maharage kando ya njia walimtambua Talato, wakainua miiko. "Talato! Leo umenunua mmoja tu?" aliita mmoja wao, na wenzake wakaangua kicheko. Raogo alitazama tairi.

Waliingia Koudougou ndani ya muda, tena kwa nafasi ya kupumua. Kijana mwingine wa kilabu alikuwa ameshashinda, muziki unapigwa, wanawake wa mizunguko mitatu wameshafukuzwa kwa filimbi na wamesimama pembeni na baiskeli zao. Umati ulipoziona jezi mbili za manjano, moja nyuma ya nyingine, ulielewa mara moja nini kilitokea njiani. Watu walianza kupiga makofi, na kwa mara ya kwanza katika mbio zile walikuwa wanajua wanampigia nani.

Zilikuwa zimebaki hatua chache kufika kwenye utepe. Miguu ya Raogo, iliyopumzishwa tangu Mouhoun, ilizinduka. Alitoka nyuma ya gurudumu, akasimama kwenye pedali, akampita Talato, akavuka mbele yake kwa urefu wa baiskeli moja.

Makofi yakakatika. Muziki ukaendelea peke yake. Mama yake Raogo, aliyekuwa ameshafungua kinywa kwa kigelegele, alikifunga. Kisha mwanamke mmoja muuza karanga akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ila kila mtu alimsikia:

"Umebebwa mgongoni kutoka Mouhoun, umefika mlangoni ukamsukuma aliyekubeba?"

Raogo alishuka, akakokota baiskeli yake katikati ya watu waliompisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Talato alikunywa maji. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye meno. Haikuwa hasira ya nafasi, kwa sababu huko nyuma walikokuwa nafasi moja haikumnyima mtu chochote. Ilikuwa kwamba amemkata upepo safari nzima ile, na yule kijana amepita bila hata neno.

Jioni hiyo alilala nyumbani kwake, wenzake wakilala katika mabweni ya shule. Alikula ugali wa mtama na bamia, mama mkwe akamkanda miguu kwa mafuta ya kokwa za karite.

"Nasikia amekupita," alisema bibi.

"Amenipita."

"Akaenda mpaka wapi?"

"Hatua mbili tatu."

"Basi hakufika mbali. Geuza mguu mwingine."

Hawajamaliza, hodi ikapigwa. Alikuwa Raogo, ameongozana na mjomba wake, na mkononi ana jogoo mweupe. Mjomba alisalimia kwa kirefu, akauliza habari za kila mtu wa nyumba ile, za shamba, za cherehani. Kisha akasema wamekuja kuomba radhi, na jogoo yule ndiye mdomo wao.

Talato alimpokea jogoo, akamshika miguu. Mkono ulimtangulia, ukampapasa kifua, ukamfunua bawa.

"Umemnunua wapi huyu?"

"Sokoni," alisema Raogo.

"Wamekupiga. Huyu ni mzee, nyama yake utaichemsha mpaka kuni ziishe."

Mjomba alimtazama mpwa wake. Raogo alikuwa ametazama chini.

"Dada Talato," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "miguu ilifanya yenyewe. Niliona utepe, miguu ikaenda. Nilikuwa nimeshapita ndipo nikajiona."

Talato alifikiri. Alitambua kwamba kijana hadanganyi, na kwamba hilo lilikuwa linaudhi kuliko uongo.

"Najua," alisema. "Yangu haifanyi hivyo. Ningeitaka ifanye, isingefanya. Lakini mdomo wako, huo si mguu. Ungeweza kusema asante tangu pale."

"Asante," alisema Raogo.

"Haya. Karibuni ugali."

Siku ya tatu waliingia Ouagadougou. Raogo alimsaidia mwenzao kuilinda nafasi ya tatu, na Talato alimaliza wa arobaini na moja. Nyuma yake walikuwepo wanaume zaidi ya kumi, na kila mmoja alikuwa na maelezo. Mmoja alikuwa na gia mbovu. Mmoja alikula samaki Dédougou. Mmoja wa Kaya aliieleza redio, bila kutikisa uso, kwamba yeye alibaki nyuma ya yule mama kwa adabu, ili asianguke pasipo mtu wa kumwokota. Magazeti nayo yaligawanyika. Moja liliandika kwamba sasa imethibitika wanawake wanaweza kushindana na wanaume. Lingine liliandika kwamba sasa imethibitika hawawezi. Yote mawili yalitumia arobaini na moja hiyohiyo.

Mtangazaji wa Dédougou alimpata tena. "Bibi Talato, swali ambalo nchi nzima inauliza: mwanamke anaweza?"

"Anaweza nini?"

"Kushindana na wanaume."

"Nimefika Ouagadougou," alisema Talato. "Wao pia wamefika. Wengine wamefika mapema sana. Umeona mahali panapouzwa wali hapa?"

Alikula sahani mbili, akalala fofofo njia nzima ya kurudi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Toé alikuja nyumbani kwa Yamba bila utani mdomoni, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwatia watu wasiwasi. Kamati ilikuwa imeongeza neno moja katika kanuni, neno "mwanamume". Waliomaliza nyuma ya Talato ndio walioshinikiza, na matajiri wao waliwaunga mkono. Lakini kamati iliona aibu kuishia hapo, na wanawake wa soko la Koudougou walikuwa wameanza kumuuliza mwenyekiti maswali kila anapokuja kununua nyama. Kwa hiyo kutakuwa na mbio za wanawake za kweli, siku mbili, Dédougou mpaka Ouagadougou, na gari lao la ufagio.

"Nilibishana," alisema Toé. "Nilisema kama mtu hawezi ataachwa, na kama anaweza mnaogopa nini. Wakaniambia Msamo nyamaza."

"Kwa hilo moja walikuwa na haki," alisema Talato, lakini hakucheka. Alikuwa amekwishaanza kuizoea barabara ya wanaume, na kufungiwa mlango kulimuuma. Halafu aliuliza: "Hizo siku mbili, wanakuja wa wapi?"

Walikuja wa kila mahali. Kutoka Banfora alikuja msichana aliyeitwa Sita Hema, mrefu, mwenye mapaja kama mchi, ambaye baba yake alikuwa akimtuma mjini kwa baiskeli na maembe. Siku ya kwanza yeye na Talato waliwaacha wengine wote. Siku ya pili waliwaacha tena, wakaingia Ouagadougou wawili, bega kwa bega, na hatua chache kabla ya utepe miguu ya Sita ilifanya yenyewe.

Talato alikuwa wa pili. Watu walimbeba, walimwimbia, mwenyekiti alimshika mkono na safari hii yeye ndiye aliyemtafuta mpiga picha. Usiku, kwa shemeji yake alikofikia, Yamba alimsogezea sahani ya wali. Aliisukuma.

"Mwaka jana ulikuwa wa arobaini na moja ukala mbili," alisema Yamba. "Leo umekuwa wa pili huli?"

"Mwaka jana hapakuwa na mtu aliyenipita," alisema Talato. "Walikuwa mbele tu, tangu asubuhi. Hata Raogo wetu sikumhesabu, yule aliamka usingizini. Lakini huyu mtoto alikuwa hapa." Aliinua mkono sentimita chache kutoka begani. "Hapa, Yamba. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Nilijua nini cha kufanya na sikuweza kukifanya."

Yamba aliitazama ile nafasi begani kwa mkewe, kama fundi anayepima kitambaa. Alikula sahani zote mbili yeye, kwa kuwa chakula hakitupwi.

Waliporudi Koudougou, Talato hakungoja hata kuku. Alikwenda kugonga mlango wa Toé.

"Amka, Msamo. Nifundishe zile mbio fupi za mwishoni."

"Nilishakwambia huna," ilisema sauti ndani.

"Kwa Raogo sina. Kwa mtoto wa Banfora bado sijajua. Na umwite Raogo naye, nataka mtu wa kunipita mara kwa mara mpaka nizoee."

Raogo alikuja, na kwa miezi alimpita Talato kwenye mwinuko wa kuingilia mjini, kila asubuhi, mara nyingi kuliko alivyotaka yeye mwenyewe. Katika mbio zilizofuata Talato alimshinda Sita kwa upana wa tairi, akapiga kelele mpaka akajishangaa. Mwaka uliofuata Sita alimrudishia. Wakaenda hivyo, leo wewe kesho mimi, mpaka goti la Talato lilipokataa. Siku hizi kuku anawabeba kwa pikipiki. Sita, akiwa na safari ya kuelekea kaskazini, hulala kwake, na mama mkwe humkanda miguu naye. Wanazungumza habari za watoto na bei ya mtama, na habari za mbio huwa hawazigusi mpaka sahani ziishe, kwa sababu waliwahi kuzianza mapema, wote wawili wakasukuma sahani, na Yamba akalazimika kuondoka na chakula.